Kilomita Tatu za Mama Akidi

Saa tatu kasorobo asubuhi, kabla hajaweka hata mkoba chini, alihesabu vichwa. Saba. Walitakiwa tisa ili kikao kiwe kikao. Chini ya hapo ni watu waliokutana tu kunywa chai na kulalamikia foleni. Alichungulia kwenye korido, akamwona mheshimiwa mmoja anaongea na simu karibu na lifti, akamnyooshea kidole kama mwalimu wa zamu.

"Mheshimiwa, wewe ni wa nane. Ongea huku unatembea."

"Mama, nina dharura."

"Ya kwangu kubwa zaidi, nina viti viwili vitupu. Twende."

Miaka ishirini na sita alikuwa akihesabu vichwa katika Chumba cha Kamati Namba Tatu, na ndiyo maana jengo zima, kuanzia askari wa getini hadi Spika mwenyewe, lilimwita Mama Akidi. Akidi ni ile idadi ya wabunge ambayo isipotimia, hata mkiongea mpaka jua lizame, kisheria hamjasema kitu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye beji kifuani, lakini beji ilikwisha kugeuka zamani na hakuna aliyehangaika kuigeuza. Nyumbani mumewe, fundi saa mstaafu, alidai kwamba hata usingizini anahesabu. "Jana ulifika sita ukashtuka," alimwambia asubuhi hiyo akimpa kikombe cha chai. "Nikataka kunyoosha mkono nikuongezee."

Chumba chenyewe kilikuwa na meza iliyopinda kama sikio la kikombe, vipaza sauti vyenye kitaa chekundu, kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo ya plastiki, na saa ya ukutani iliyotangulia dakika nne. Saa hiyo aliitanguliza yeye, mabunge mawili yaliyopita, ili waheshimiwa wafike kwa wakati. Waheshimiwa waligundua siku ya tatu, wakaanza kuchelewa dakika nne zaidi.

Alikuwa katibu wa Kamati ya Elimu. Kila muswada wa shule ulioletwa na serikali ulipita mikononi mwake: yeye ndiye aliyewaita wananchi waje kutoa maoni, yeye aliyeandika kamati imekubali nini na imekataa nini, yeye aliyetunga taarifa ambayo mwenyekiti angeisoma Bungeni kana kwamba ameitunga mwenyewe. Hapigi kura, hachangii, hacheki, hanuni. Mabunge matano aliyaona. Darasa la saba aliliona likifutwa na kurudishwa. Mtihani wa darasa la nne ulifutwa kwa shangwe, ukarudi miaka miwili baadaye kwa jina jingine, naye akauandikia taarifa mara zote mbili akitumia karibu maneno yale yale. Chini ya meza yake aliweka jozi mbili za viatu: vya kufunika vya kuingilia ukumbini, na kandambili za saa zote nyingine, maana miguu ilianza kuvimba tangu Bunge la tatu. Alibakiza wiki saba astaafu. Alizihesabu hizo pia.

Muswada wa mwisho mikononi mwake ulikuwa wa Sheria ya Shule, vifungu sitini na viwili, na katika hivyo kimoja tu ndicho kilichomkosesha raha. Kifungu cha kumi na nane kilimpa Waziri uwezo wa kufunga shule yoyote yenye wanafunzi wasiofika mia moja na ishirini na kuiunganisha na nyingine. Basi. Hakikusema nyingine hiyo iwe wapi.

Mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni mama yao alipokuwa mgonjwa, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya vyumba vinne na wanafunzi themanini na saba. Shule iliyo karibu nayo ilikuwa kilomita tisa.

Siku ya kwanza ya muswada, kabla hajafungua ukurasa, Mama Akidi alimwandikia mwenyekiti barua ya mistari mitatu kumwarifu kwamba ndugu yake wa damu ataguswa na kifungu hicho, na kwamba yuko tayari kukaa pembeni. Mwenyekiti, mfamasia wa zamani aliyesoma kila karatasi kama cheti cha daktari, aliisoma mara mbili.

"Mama, nani hapa hana ndugu mwalimu? Kaa. Nikikuondoa wewe, nani atanikamatia hawa watu?"

Akakaa. Ila mdogo wake alipopiga simu wiki ile ile, sauti ikiwa imejaa matumaini, alijua kukaa kwenyewe si kazi nyepesi.

"Dada, Mungu mkubwa. Yaani wewe uko humo humo ndani."

"Niko ndani kama kiti kilivyo ndani."

"Kiti kinakaliwa na wakubwa. Si umnong'oneze tu mwenyekiti?"

"Andika barua ya maoni kama wengine. Mwisho Ijumaa saa kumi. Ikifika saa kumi na dakika moja siipokei."

"Hata yangu?"

"Yako nitaikataa kwa furaha zaidi."

Mdogo wake alicheka, lakini si sana. Barua ilifika Jumatano.

Akaitwa, kama walivyoitwa mashahidi wengine ishirini na watatu. Alikuja na gauni lake la sherehe na daftari la mahudhurio kwapani, akaketi mwisho wa meza, akabonyeza kipaza sauti kikawaka. Kila shahidi alipewa dakika tano, na kazi ya Mama Akidi ilikuwa kuinua kibao chenye maandishi DAKIKA MOJA.

"Waheshimiwa, kabla ya kuja hapa nilitembea," alisema mwalimu mkuu. "Niliwachukua watoto sita wa darasa la pili, na wazazi wao, tukaenda kwa miguu hadi hiyo shule tunayotakiwa kuunganishwa nayo. Kunguru angeruka labda kilomita sita. Sisi tulizunguka bonde, tukavuka kwa daraja, zikawa tisa. Tulitumia saa mbili na dakika hamsini. Mmoja alilala njiani, baba yake akambeba. Tulipofika, kengele ya mapumziko ilikuwa imeshalia. Hapo hatujazungumzia kurudi."

Mama Akidi akainua kibao. Alikiinua kama alivyowainulia wengine wote, na hilo lilimuumiza kidogo. Mdogo wake alikitazama kibao, akamtazama aliyekishika, akafunga daftari lake.

"Nina dakika moja, naona. Basi sina la kuongeza. Ongezeni ninyi."

Kulikuwa na mbunge mmoja pale, mwembamba, mwenye koti lililompwaya, aliyeitwa Mheshimiwa Taarifa kwa sababu hakuna sentensi ya mwenzake aliyoiacha ifike mwisho. Alikuwa amekwisha kusimama. "Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti! Nilikuwa naomba tu kujua kama watu wa wizara, walioandika kifungu hiki, wao walitembea."

Watu wa wizara walitazama makaratasi yao.

Baada ya mwalimu mkuu akaja mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa shule nyingine ndogo. Yeye hakumaliza hata dakika tatu. Shule yao, alisema, iko kilomita saba kutoka ya jirani, wakiifunga watoto wa kiume watakwenda na wa kike watabaki nyumbani, na yeye ana wajukuu wa kike wanne. Alipotoka alimshika Mama Akidi mkono mlangoni kwa mikono miwili. "Mama, tutajuaje mlichoamua?"

"Utapata barua."

Haikuwa ahadi ya mdomoni. Kila aliyekuja kutoa maoni aliandikiwa barua ya kumwambia maoni yake yaliishia wapi. Makatibu wa kamati nyingine walitoa nakala moja ya jumla wakabadilisha majina. Yeye aliziandika moja moja, na kwa miaka ishirini na sita nyingi zilisema, kwa adabu, kwamba hayakuishia popote.

Safari hii yaliishia mahali. Saa nane na nusu mchana, kiyoyozi kikiwa kimezimika na watu wa wizara wamelegeza tai, kamati iliamua kwamba mwishoni mwa kifungu cha kufunga shule yaongezwe maneno haya: "ilimradi shule itakayopokea iwe ndani ya kilomita tatu." Wizara ilikubali. Walikuwa wamechoka kama wengine, na walitaka kwenda kula. Mama Akidi aliandika, akapiga mstari chini. Alikwenda chooni, akafunga mlango, akakaa dakika moja bila kufanya lolote, kisha akanawa uso akarudi.

Alipokosea ni pale alipokwenda kuandika jedwali.

Jedwali la marekebisho ndiyo karatasi inayolieleza Bunge kifungu gani kibadilike na kwa maneno gani. Sasa, muswada ulikuwa umechapwa mara mbili. Chapa ya kwanza ilikuwa na jalada la buluu. Halafu wizara ikaondoa kifungu cha saba, kilichohusu sare za shule, baada ya wazazi kupiga kelele, ikachapa upya kwa jalada jeupe. Kila kifungu baada ya cha saba kikapanda ngazi moja: cha nane kikawa cha saba, na cha kumi na nane kikawa cha kumi na saba. Mama Akidi aliyajua hayo; yeye ndiye aliyeitangazia kamati. Lakini alama zake zote za penseli, za siku zote za mashahidi, zilikuwa kwenye nakala ya buluu. Akaamua kuitumia hiyo hiyo, na kila alipoandika namba alipunguza moja kichwani. Zamani kulikuwa na msaidizi wa kuhakiki nyuma yake. Nafasi hiyo ilikuwa wazi tangu mwaka juzi, na maombi ya kuijaza aliyaandika mara nne.

Alifika kifungu cha kumi na nane. Mlango ukagongwa: kikao cha kamati ndogo kinavunjika, akidi haipo, njoo. Akaenda mgahawani akawatoa waheshimiwa wawili kwenye supu, akapanda ngazi kwa kuwa lifti ilikwama, akarudi mezani akihema. Akaandika: kifungu cha 18. Akaendelea na cha kumi na tisa, akapunguza moja, akaandika 18 tena bila kushtuka kwamba ameshaiandika, maana marekebisho ya pili yalikuwa neno moja tu katika kifungu kidogo cha mwisho, "mzazi" kuwa "mzazi au mlezi", na yalikaa ukurasa wa pili.

Bunge lilikaa kama kamati ya wabunge wote siku kumi na nne baadaye. Vifungu sitini na kimoja vilipita kwa dakika arobaini. "Kifungu cha kumi na nane pamoja na marekebisho yake! Wanaoafiki waseme ndiyo." "Ndiyooo." Naye alikuwepo, kwenye viti vya maofisa pembeni mwa ukumbi, amevaa viatu vya kufunika, akiwaza vidole vyake vya miguu.

Kosa alilikuta keshokutwa yake, saa nne asubuhi, akipanga nakala safi kwa ajili ya kusomwa mara ya tatu jioni ile ile. Baada ya hapo muswada hauguswi tena. Unakwenda kutiwa saini. Alisoma kifungu cha kumi na nane kwenye jalada jeupe, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akasoma tena.

"Waziri anaweza kumhamisha mwalimu kutoka shule moja kwenda nyingine, ilimradi shule itakayopokea iwe ndani ya kilomita tatu."

Kwanza alicheka. Alicheka peke yake ofisini hadi akashika ubavu. Kisha akafungua cha kumi na saba, cha kufunga shule, akakikuta kama kilivyokuja kutoka wizarani. Kitupu. Wala mita moja. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Mwandishi wa miswada, aliyehusika na maneno ya sheria yenyewe, alikuwa na ofisi ya pili mkono wa kulia. Alikuwa mtu wa makamo, akitafuna karafuu kwa ajili ya jino lililomsumbua mwezi mzima. Alisoma, akajishika shavu.

"Unataka kuniua. Kucheka na jino hili! Walimu wote nchini watakujengea sanamu."

"Usicheke. Niambie tunafanyaje."

"Tunafanyaje nini? Hili ni kosa la uchapaji. Nafuta nane naweka saba. Nina ruhusa ya kusafisha nakala kabla ya saini."

"Unasafisha nukta na mikato."

"Na namba."

"Namba ambayo Bunge limeipigia kura?"

"Bunge!" Alitema karafuu kwenye karatasi. "Dada yangu, mkamate yeyote pale nje umuulize kifungu cha kumi na nane kinasema nini. Watu walikuwa wananusa chakula. Kamati ilitaka kilomita tatu ziwe kwenye kufunga shule, si ndiyo? Taarifa yenyewe inasema hivyo. Mimi nazirudisha nyumbani kwao. Dakika moja. Mdogo wako anabaki na shule, wewe unastaafu faili lako likiwa safi, na mimi nakwenda kung'oa jino."

Alikwisha kuchukua kalamu. Mama Akidi aliitazama ile kalamu. Ingekuwa uongo kusema hakutaka. Na ingekuwa uongo kusema kwamba katika miaka yote ile hajawahi kuiachia ifanye kazi: alama zilisogezwa, na mara moja neno "na" lilibadilishwa likawa "au" kwenye sheria ya ukaguzi, jioni, kimyakimya, na hakuna aliyekufa.

"Nikirudisha Bungeni?" aliuliza.

"Ukirudisha, kifungu kinafunguliwa upya. Na wale wa wizara wamepata wiki mbili za kulala na kula vizuri. Zile kilomita tatu walizikubali kwa uchovu, unajua vizuri kuliko mimi. Wakiamka hawazikubali tena. Unaweza kutoka humo huna hata moja."

"Najua."

"Basi?"

"Basi weka kalamu chini, kaka. Ingekuwa shule ya mtu mwingine labda ningegeuza shingo. Hii ikisogezwa kimya kimya na mkono wangu umo, sitaweza kumwambia mtu yeyote kwamba sikuisogeza kwa ajili ya shule ya kwetu."

Mwandishi wa miswada aliweka kalamu chini polepole, kama mtu anayerudisha mfupa sufuriani. "Uzee huu," alisema, "unakutia wazimu."

Mwenyekiti alikuwa chumbani kwake akipaka siagi mkate. Alisikiliza bila kumkatiza, akiutazama ule mkate.

"Unajua nitalazimika kusema Bungeni kosa limetoka wapi."

"Sema."

"Umebakiza miezi miwili."

"Wiki tatu. Na siku mbili."

Akasukuma sahani. "Katika duka langu la dawa niliwahi kubandika lebo ya chupa moja kwenye nyingine. Dawa zote mbili nzuri kabisa. Niliifukuzia ile chupa kwa baiskeli mpaka nyumbani kwa mgonjwa, na mvua inanyesha." Hakusema kama alifika kwa wakati. Alichukua koti lake. "Nikamatie Spika kabla hajakwenda kula."

Saa kumi jioni hoja ikatolewa ya kuurudisha muswada kwenye kamati ya Bunge zima, vifungu viwili tu, cha kumi na saba na cha kumi na nane. Mwenyekiti aliposoma kwa sauti kile ambacho Bunge lilikuwa limepitisha, ukumbi ulianguka kwa kicheko.

"Acheni hivyo hivyo!" mbunge mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Mke wangu ni mwalimu!"

"Ndiyo maana anataka ahamishiwe mbali!" alijibiwa kutoka upande wa pili.

Spika aligonga meza. Mwenyekiti akaendelea. Alisema kosa halikufanywa na wizara wala na wajumbe, lilitokea katika sekretarieti ya kamati wakati wa kuandika jedwali. Jina hakulitaja. Haikuhitajika, nusu ya vichwa viligeukia viti vya maofisa, na Mama Akidi, ambaye miaka yote alivihesabu vichwa hivyo vikiwa vimempa kisogo, safari hii aliona nyuso.

Kifungu cha kumi na nane kikasafishwa bila ubishi. Kwenye cha kumi na saba Naibu Waziri akasimama. Alikuwa amenyoa vizuri, tai imebana.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Serikali imepata nafasi ya kulitafakari jambo hili kwa kina. Kilomita tatu zitatufunga mikono. Tunapendekeza nane."

Mama Akidi alifumba macho. Nane. Ndiyo waliyoilalia wiki mbili. Ya kwao ilikuwa tisa kwa miguu, lakini wizara haipimi kwa miguu. Inapima kwenye ramani, kwa rula, na kwenye ramani bonde halina kina. Kwa rula zilikuwa sita. Alisikia sauti ya mdogo wake: kunguru angeruka labda sita.

Hoja ilikuwa inaulizwa. Wanaoafiki...

"Taarifa!"

Ukumbi mzima uliguna. Mheshimiwa Taarifa alikuwa amesimama, koti likiwa limemteleza bega moja.

"Mheshimiwa, muda," alionywa.

"Swali moja tu. Hizi kilomita nane ni za nani? Za ndege au za mtoto? Maana kuna mwalimu alikuja mbele ya kamati yetu, akatembea na watoto wa darasa la pili saa mbili na dakika hamsini, mmoja akabebwa. Kama ni za ndege, basi tuwape watoto mabawa kwenye bajeti. Kama ni za mtoto, semeni. Andikeni 'kwa njia ya miguu'."

Kicheko kikaanza, kikafa chenyewe. Naibu Waziri aliinama kwa maofisa wake, akanyanyuka. Saa zilikuwa zinakwenda. Serikali haina pingamizi na maneno hayo, alisema. Kilomita nane kwa njia ya miguu. Ndiyooo. Mara ya tatu, ndiyooo. Ikaisha.

Asubuhi iliyofuata Katibu wa Bunge alimpa barua ya onyo, ya kwanza katika utumishi wake. Aliomba radhi kuitoa, akasema utaratibu ni utaratibu. Kwa kuwa barua zote za idara zilipitia kwake, Mama Akidi aliipiga muhuri IMEPOKELEWA, akaandika tarehe, akaiweka yeye mwenyewe kwenye faili lake.

Saa sita simu ikaita.

"Dada, nimesikia redioni. Nane."

"Nane, kwa njia ya miguu."

"Sisi tisa."

"Ninyi tisa."

Nyuma ya sauti ya mdogo wake watoto walikuwa wakiimba hesabu za kuzidisha, mbili mara tatu, mbili mara nne. "Basi tumepona," alisema mwalimu mkuu.

"Mmepona."

"Mbona unaongea kama uko msibani?"

"Unamkumbuka yule mzee wa kofia ya sufi, aliyekuja baada yako?"

"Namkumbuka. Alinipa nusu ya ndizi yake kwenye korido." Kisha akauliza: "Wao ni ngapi?"

"Saba."

Watoto walifika mbili mara tisa.

"Ile tatu ingemfunika," alisema mdogo wake polepole. "Si mlikuwa mmeshaipitisha?"

"Ilipita pasipo pake. Mimi ndiye niliyeiandika vibaya."

"Sasa si ungeisogeza tu, Dada? Kimya kimya. Nani angejua?"

"Ungependa niisogeze?"

"Ningependa. Sikudanganyi. Ningependa wote tupone, halafu nisijue ilikuwaje." Akavuta pumzi. "Nani atamwambia?"

"Mimi. Ana barua yake."

Alipokata simu alivua viatu vya kufunika, akavaa kandambili. Nje kwenye korido mtu aliuliza kama kamati ya kilimo ina akidi, na mtu mwingine akajibu hajui, muulizeni mama. Hakutoka. Alivuta karatasi, akaweka nakala yenye jalada jeupe wazi mbele yake, kidole kwenye kifungu cha kumi na saba, akaandika barua ya kwanza kati ya ishirini na nne. Alimshukuru mzee kwa kufika mbele ya kamati. Alimweleza kwamba kamati ilikubaliana na maoni yake ikaweka kilomita tatu, na kwamba Bunge liliweka nane. Hapo ndipo barua hizi zilipoishia siku zote, na chini yake palikuwa na nafasi ya saini tu.

Alirudia kusoma namba ya kifungu, mara tatu. Kisha, juu ya mstari wa saini, akaongeza kwa mkono kwamba zile kilomita tatu zilifunguliwa upya kwa sababu ya kosa lililofanyika wakati wa kuandika jedwali, na kwamba aliyelifanya kosa hilo ni yeye. Aliandika jina lake lote, lile la kwenye beji, ili mzee ajue wa kumuuliza.